Mhariri, ule ulinganisho wa mbao za Marekani na Japani umesahau magogo na maji

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, na poleni na kazi. Mimi ni fundi seremala na pia nauza mbao hapa Dodoma upande wa Majengo, kazi hii nilianza kabla hata watumishi hawajahamia, na juzi mteja aliniachia gazeti lenu pale kwenye benchi nikakuta ile makala ya kulinganisha Marekani na Japani kwa mbao laini wanazonunua nje mwaka hadi mwaka. Nimeisoma mara tatu. Kwanza niwashukuru, maana habari za mbao zikiandikwa kwa upana hivyo na sisi tunaoshika randa tunajiona tumo kwenye uchumi wa nchi. Ila pale mwisho mwandishi aliposema kwamba siri ya wote wawili ni ushuru, kwamba ukiweka ushuru mbao za nje zinapungua na za ndani zinapanda, na sisi tufuate hivyo hivyo, hapo nimekataa na naomba nafasi nieleze.

Kwa wasiojua, mbao laini ni zile za miti ya majani kama sindano, kwetu hapa ni paini na saipresi, zile zinazoshuka na malori kutoka Mafinga, Njombe na Makete. Ndio kenchi, ndio papi, ndio fisha bodi, yaani karibu kila paa la bati unaloliona kuanzia Nkuhungu mpaka Ilazo limebebwa na paini. Mninga na mkongo ni mbao ngumu, hizo ni za milango na samani, habari nyingine.

Sasa tuanze na kipimo, maana nadhani mwandishi amepotelea hapo. Wamarekani wanahesabu kwa futi za ubao, na futi moja ya ubao ni kipande cha futi moja kwa futi moja chenye unene wa inchi moja. Kwa hiyo mbao ya mbili kwa nne yenye urefu wa futi 12 ni futi 8 za ubao. Rahisi. Tatizo ni kwamba mbao yao ya mbili kwa nne ikishakaushwa na kupigwa randa inabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, lakini kwenye hesabu bado inaandikwa mbili kwa nne. Chukua tepu upige mwenyewe, nane inakuwa tano na robo, karibu theluthi moja ya mbao hiyo ipo kwenye karatasi tu. Japani wao wanahesabu kwa mita za ujazo na wanapima kipande kama kilivyo, nguzo yao ya nyumba ya milimita 105 kwa 105 inahesabiwa 105 kwa 105. Ukichukua takwimu za Marekani ukazigeuza kuwa mita za ujazo kwa hesabu ya moja kwa moja ukaziweka pembeni ya za Japani, tayari umemuongezea mmoja na ukamwacha mwenzake vile vile. Mimi mteja akija na orodha ya fundi mwingine kitu cha kwanza namuuliza hizi ni inchi za tepu au inchi za jina, maana ndipo watu wanapogombania.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Makala imehesabu mbao peke yake ikaacha magogo. Japani kwa miaka mingi ilikuwa inanunua magogo mazima, inayapasua yenyewe kwenye viwanda vyake. Mwaka 1964 ilifungua milango ya mbao na magogo ya nje, yakaingia kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, kutoka Urusi ya Kisovieti, na yale ya mbao ngumu kutoka Ufilipino, Indonesia na Malaysia. Halafu mambo yakabadilika kule kwa wauzaji. Mwaka 1990 Marekani ilimuweka ndege fulani aina ya bundi anayeishi kwenye misitu mikongwe ya magharibi katika orodha ya viumbe walio hatarini, ukataji kwenye misitu ya serikali kuu ukaporomoka, na mwaka huo huo wakabana magogo ya misitu ya majimbo ya magharibi yasiuzwe nje. Urusi nayo ikapandisha ushuru wa kutoa magogo mwaka 2007 na 2008 mpaka asilimia 25, na Januari 2022 ikapiga marufuku kabisa kutoa magogo ghafi ya miti ya mbao laini. Kwa hiyo kuna miaka mbao za nje zilizoingia Japani zilipanda kwenye mchoro wakati ukweli ni kwamba gogo limegeuka kuwa mbao kabla ya kupanda meli. Mti ni ule ule. Ukiangalia mstari wa mbao tu utasema Wajapani walianza kununua zaidi, kumbe msumeno tu umehama nchi.

Marekani sasa. Hawa ndio wanunuzi wakubwa kuliko wote duniani wa mbao laini kutoka nje na muuzaji wao mkubwa ni Kanada, hilo makala imesema vizuri. Nyumba zao karibu zote za familia moja mifupa yake ni mbao, kwa hiyo mbao za nje zinapanda na kushuka pamoja na ujenzi. Mwaka 2005 walianza kujenga nyumba zaidi ya milioni 2, na mbao laini za nje zikazidi futi bilioni 20 za ubao. Mwaka 2009 baada ya ule mtikisiko wa mikopo ya nyumba walianza nyumba kama 554,000 tu, na mbao za nje zikashuka zisifike hata nusu ya zile. Hapo ushuru umefanya nini? Hamna, watu waliacha kujenga basi.

Ugomvi wa ushuru wenyewe una umri wa mtu mzima. Ulianza 1982, wenye viwanda wa Marekani wakilalamika kwamba Kanada misitu mingi ni ya umma, kwa hiyo bei ya mti ukiwa bado umesimama inapangwa na serikali za majimbo na ni ya chini mno, wakati kwao misitu mingi ni ya watu binafsi na bei ni ya mnada. Mwaka 1986 wakakubaliana Kanada ijitoze yenyewe asilimia 15. Mwaka 1996 wakaweka kiwango, futi bilioni 14.7 kwa mwaka zipite bila tozo. Mkataba ukaisha 2001, wakagombana, wakasaini tena 2006, ukaisha Oktoba 2015, ushuru ukarudi 2017 kama asilimia 20, Agosti 2025 ukapita asilimia 35 na Oktoba 2025 wakaongeza 10 nyingine juu yake. Zaidi ya miaka arobaini. Na Kanada mpaka leo ndio muuzaji namba moja wa nje, hakuna anayemkaribia.

Ni kweli sehemu ya Kanada kwenye soko la Marekani imepungua, kutoka karibu theluthi kule miaka ya 1990 mpaka karibu robo miaka hii. Lakini angalia kilichotokea chini ya hiyo namba. Kule British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, kuna mdudu anaitwa mbawakavu wa paini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 alitafuna zaidi ya nusu ya paini yote ya kuuzika katika jimbo hilo, viwanda vikakosa magogo vikafungwa. Wakati huo huo kusini mwa Marekani wakulima walikuwa wamepanda paini nyingi sana kwenye mashamba yaliyochoka, mpango wa serikali wa mwaka 1985 uliwalipa kupumzisha ardhi na wengi wakaweka miti, na miti ile imekomaa sasa hivi mpaka bei ya gogo kule iko chini. Makampuni ya Kanada yenyewe yakaenda kununua viwanda kule kusini. Kwa hiyo miti iliyopandwa kuanzia 1986 nayo imechangia kupunguza sehemu ya Kanada miaka hii, na ushuru ulikuwepo kabla yake miaka na miaka.

Japani sasa ndiyo inayonigusa mimi moyoni, na hapa naomba mhariri usinikatie maneno.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikuwa wamemaliza miti ya milima yao, wakapanda sugi na hinoki, miti ya jamii ya saipresi, leo wana misitu ya kupandwa kama hekta milioni 10. Miti ilikuwa bado midogo ndio maana wakafungua milango ile 1964. Ikaja miaka ya 1990 na 2000, sugi imekua, imesimama pale mlimani, na bado Wajapani wananunua nje. Mwaka 2002 mbao walizojitosheleza wenyewe zilikuwa kama asilimia 19 tu ya mahitaji. Kwa nini, na miti wanayo? Sababu zipo nyingi, milima mikali, wakulima wazee, fedha yao ilipanda thamani mbao za nje zikawa rahisi, lakini moja ndiyo naijua kwa mikono yangu. Sugi ina maji mengi sana ndani. Mafundi walizoea kuijenga mbichi. Likaja tetemeko la Kobe Januari 17, 1995, nyumba nyingi za mbao zikalala chini, watu wakaanza kuuliza kuhusu maungio na nguvu ya mbao, na mwaka 2000 ikaanza sheria inayomfunga mjenzi wa nyumba mpya kuwajibika miaka 10 kwa kasoro za mifupa ya nyumba. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mjenzi yule. Utaweka mbao mbichi itakayojipinda mwaka wa pili wakati dhamana ni miaka kumi? Wakakimbilia mbao kavu kutoka Ulaya, zile zilizokaushwa kwenye tanuru na kuunganishwa kwa gundi, hazipindi. Wenye sugi wakabaki wanashangaa.

Walichofanya baadaye ni kujenga matanuru ya kukaushia, viwanda vya plaiwudi vikajifunza kumenya sugi, mwaka 2010 wakatunga sheria ya kuhimiza majengo ya umma yajengwe kwa mbao, na mwaka 2020 kujitosheleza kukapita asilimia 40. Bila ukuta wa ushuru kama ule wa Marekani. Mwaka uliofuata, 2021, mbao zikaadimika dunia nzima, Marekani bei ikapita dola 1,600 kwa futi elfu moja za ubao wakati kabla ya korona ilikuwa inacheza kwenye 400, na Wajapani walioathirika zaidi ni wale waliokuwa bado wanategemea meli. (Kusema haki na wao ujenzi umepungua sana, nyumba zilizoanzwa zilikuwa kama milioni 1.9 mwaka 1973 na mwaka 2024 zilikuwa kama laki nane, idadi ya watu inashuka, hilo nalo limepunguza mbao za nje na makala haikuligusa.)

Nimesema Japani inanigusa, sasa nisimulie kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma nilimpigia kenchi mzee mmoja mstaafu, nyumba ya vyumba vitatu. Mbao nilinunua kwa muuzaji ambaye simtaji, mzigo umeshuka asubuhi na umande wake, ukishika mbao kiganja kinalowa. Nilijua ni mbichi. Mzee alikuwa na haraka, mvua za Desemba zinakuja, na mimi nilihitaji hela ya ada, nikapiga. Mwezi wa nane ananipigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Njoo uone, paa langu linalia usiku."

Nikaenda. Nilipopanda darini na tochi nilikuta mbao ya mbili kwa sita, ile inayobeba katikati, imejinyonga kama kitambaa mtu anachokikamua, misumari imetoka nje inchi nzima na jipsamu ya sebuleni imepasuka mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Mzee hakunitukana. Alinikaribisha chai, akasema, "Mimi hela ya pensheni nimeiweka yote hapo juu, sasa unaniambiaje?" Sikuwa na la kumwambia. Nilizibadilisha zile tano mbaya kwa hela yangu, na moja nikaenda nayo nyumbani nikaikata kwa msumeno ile ncha, nikaipiga randa nikahesabu duara. Zilikuwa saba. Mti wa miaka saba, moyo wake upo katikati ya mbao, vifundo kila baada ya shubiri, na pembeni ganda la mti halijatoka vizuri. Nimekihifadhi kipande kile mpaka leo kwenye rafu, kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu nampa ahesabu kwanza.

Sasa fikiria mbao hiyo inatoka Mafinga, baridi na ukungu, inapandishwa kwenye fuso, inapita Iringa, inavuka Mtera, inashuka Dodoma kwenye upepo huu na jua hili la mwezi wa tisa linalokausha mpaka midomo. Maji yote yanatoka kwa wiki mbili na yanatoka upande mmoja kabla ya mwingine. Mbao iliyokomaa ingevumilia kidogo. Ile changa haina uwezo, inajinyonga tu.

Na siwalaumu wakulima wa Mufindi na Njombe. Paini ikitunzwa inataka kama miaka 18 mpaka 25, lakini mkulima ana mtoto anaenda sekondari, mgonjwa hospitali, na mnunuzi anakuja na ile mashine ya kupasulia mbao inayoitwa dingdong mpaka shambani anamwambia nakupa hela leo kwa miti ya miaka minane. Atakataa vipi? Na wanunuzi hawakuwa sisi tu. Kenya ilipositisha uvunaji wa misitu yake ya umma Februari 2018, mbao zetu zilivuka sana mpaka, mpaka Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuondoa zuio. Dodoma nako tangu Julai 2016 Rais Magufuli aliposema serikali yote inahamia huku, halafu Aprili 2018 tukawa jiji, ujenzi haukulala. Mahitaji yakapanda kwa haraka, mti haukui kwa haraka ya mtu.

Kwa hiyo mwandishi wenu anaposema tuweke ushuru ili watu wanunue vya nyumbani, mimi niliye kwenye yadi nawaambia wateja wangu hawanikimbii kwenda kwenye mbao za Ulaya. Wananikimbia kwenda kwenye kenchi za chuma. Wale wenye uwezo, wenye maghorofa ya kupangisha na nyumba kubwa za wakubwa, wanaagiza chuma, na wakiulizwa wanasema mbao za siku hizi hazifai. Na wana haki. Anayebaki na mbao changa ni mwalimu, askari, mama anayejenga kidogo kidogo kwa vikoba. Ushuru wowote utakaouweka utamkuta yule yule.

Kuna kitu kimoja natamani tukichukue kutoka kwao, na wote wawili wanacho. Mbao ya kujengea ya Marekani ina mhuri, umegongwa kwenye mbao yenyewe. Unasomeka ni mti gani, kiwanda namba gani, daraja lake, na kama imekaushwa: ikiandikwa S-DRY maana yake ilipopigwa randa ilikuwa na maji yasiyozidi asilimia 19, ikiandikwa S-GRN ujue ni mbichi. Japani wana mhuri wao wa viwango unaoitwa JAS. Mkaguzi wa jengo anaangalia mhuri, mnunuzi anaangalia mhuri, mkulima anajua mti wake ukipata daraja la juu atalipwa zaidi, kwa hiyo ana sababu ya kusubiri. Kwetu mbao ya miaka saba na ya miaka ishirini zinalala pamoja kwenye rundo moja kwa bei moja, inayotofautisha ni jicho la fundi tu, na mteja wa kawaida jicho hilo hana.

Bunge liko hapa hapa kwetu, wabunge wa Iringa na Njombe wanapita barabara ile ile ya malori. Ningeomba mmoja wao asimame aulize: kwa nini mbao inayotoka kiwandani inagongwa nyundo ya kuonyesha imelipiwa ushuru wa serikali lakini haigongwi alama ya kuonyesha umri na ukavu? Nyundo ipo tayari. Mtu wa kuigonga yupo. Na kwenye yadi za hapa Dodoma tungeweza kuanza bila kusubiri sheria, tupange mbao kwa vijiti katikati, kivulini, upepo upite, wiki sita angalau kabla ya kuuza. Mimi nimeanza tangu ile nyumba ya mzee. Inanigharimu, mtaji unalala, jirani yangu anauza mzigo tatu mimi nauza mmoja, na wapo wanaoniambia nachelewesha biashara.

Kuhusu ile makala, naomba gazeti liirudie. Mchoro wa Japani uongezewe magogo, futi za Marekani zigeuzwe kwa vipimo halisi vya mbao iliyopigwa randa, na chini yake muweke mstari wa nyumba zilizojengwa kila mwaka katika nchi zote mbili ili msomaji aone kipi kinavuta kipi. Mwandishi akitaka kuja kuona mbao kwa macho kabla ya kuandika tena, anakaribishwa, aje asubuhi lori linaposhusha, nitampa tepu na kile kipande cha duara saba akishike mwenyewe.

Fundi seremala na muuza mbao,
Majengo, Dodoma